Kabureta ya Konokono

Watu wa hapa Ziwani wamekwisha kumsema wifi yangu Somoe mpaka midomo imewakauka. Mara ana kiburi, mara amelogwa, mara hakumpenda mumewe kwa sababu hakulia siku ya maziko. Ni kweli hakulia. Hata mimi sikulia, na marehemu Bakari alikuwa kaka yangu, tumenyonya ziwa moja. Mbona mimi hawanisemi? Kwa sababu wananijua mdomo wangu. Mimi Sabra ukinigusa nakurudishia papo hapo. Somoe ukimgusa anakutazama tu, kisha anaendelea kuchambua mchele.

Ndivyo alivyo tangu alipoolewa kwetu. Akiulizwa chai iwe na sukari au isiwe nayo, anafikiri kwanza. Lakini mpe mashine ya kupulizia salfa iliyogoma, ile ya mgongoni tunayopulizia mikorosho, uone. Anaifungua, anatoa kabureta yake ndogo kama kiberiti, anaichokonoa kwa unyuzi wa waya wa breki, anapuliza, anarudisha. Kamba moja akivuta, inanguruma. Watu walidhani fundi ni Bakari. Bakari alikuwa fundi, sikatai, lakini vidole vyake vilikuwa vinene, na kila kilichokuwa kidogo alimpa mkewe.

Kazi hiyo waliifanya ndani ya gari. Ni Hiace ya zamani ya petroli, paa limeinuliwa, ndani mna kitanda, jiko la gesi la plati mbili na kisinki cha kuoshea vyombo. Wazee wawili wa Kizungu walitoka nalo kusini huko mbali, wakafika Mtwara wakachoka, mmoja magoti, mwenzake safari yenyewe, wakamwachia Bakari wakapanda ndege. Watoto wakaliita Konokono, maana linatembea na nyumba yake, na kwa mwendo huohuo. Msimu wa kupulizia ukianza, Somoe na Bakari walifunga mlango wa hapa wakaenda kulala vijijini, Nanyamba, Kitaya, Kilambo mpaka kule Ruvuma inapomwagika baharini. Mchana wanatengeneza mashine za watu, jioni Somoe anauza chapati dirishani. Hawakujaliwa watoto. Walijaliwa Konokono.

Sasa sikia jambo moja kuhusu gari hilo, kwa sababu bila hilo hutanielewa. Injini yake iko chini ya viti vya mbele. Ukitaka kuiona kabureta, unainua kiti cha abiria. Na abiria alikuwa Somoe. Miaka kumi na minne mwanamke yule amekalia kabureta, akisikia kwa makalio yake mwenyewe kila inavyovuta na inavyokohoa.

Bakari alikufa mwezi wa kwanza. Presha. Asubuhi alikunywa uji, adhuhuri tukawa tunatafuta sanda. Tangu hapo mwili wangu ukaingia ganzi, sikuweza kusikia njaa wala shibe. Kitu kimoja tu kilichobaki kufanya kazi ni hasira. Nikahamia kwa Somoe kukaa naye eda, miezi minne na siku kumi, mimi nikiwa miguu yake, kwa kuwa yeye hatoki nje wala haonani na wanaume wa kando. Tulikaa wawili ndani kama magunia. Nikipika anakula. Nisipopika hali. Usiku mmoja nilimwuliza, "Wifi, unajisikiaje?" Akafikiri. "Sijisikii," akasema, akageukia ukutani.

Siku ya arobaini wazee walikaa kikao. Shehe alisema mke asiye na mtoto ana robo yake katika mali. Mjomba Saidi, ndugu wa mama yetu na mkubwa wa ukoo, akasema shehe ni shehe, lakini kwetu mali ya mwanamume hurudi kwa dada yake na watoto wa dada yake. Yaani kwangu na kwa mwanangu Ismaili. Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mali yenyewe ilikuwa nini? Nyumba ni ya ukoo, mjane akimaliza eda anarudi kwao. Ilibaki Konokono.

"Sasa robo ya gari ni nini?" nikasema nikiwa ukumbini. "Tairi moja?"

Watu wakacheka. Ismaili hakucheka. Huyo ndiye mtoto wangu wa pekee, ana miaka thelathini na mmoja, anaendesha bodaboda mjini, na maneno anayajua kuyapanga. Akasema kwa upole, "Wazee, tusigombane juu ya kaburi bichi. Siku eda inapoisha, kama Konokono litatoka hapa kwa miguu yake lenyewe, bila kuvutwa, likamfikisha mke wa mjomba kwao Nanyamba, basi ni lake. Likishindwa, hilo ni chuma tu. Tuuze kwa kilo, tugawane."

Wote wakasema hiyo ni haki. Hata mimi nilijivunia. Nilitazama pembeni nikajiambia, huyu ndiye niliyemzaa.

Kwa Somoe lile halikuwa jambo la gari tu. Kaka zake wa Nanyamba wana vyumba viwili na watu kumi na mmoja. Walikuwa wamekwisha kutuma salamu: nafasi ya gari uwanjani ipo, ya mtu ndani hakuna. Konokono likitembea, ana kitanda, ana jiko, ana kazi, na msimu wa salfa ulikuwa unakuja. Lisipotembea, atalala barazani na mkeka wake mpaka Mungu amkumbuke.

Wiki ileile nikamleta fundi Mustafa aliwashe. Mustafa akainua kiti cha abiria, akachungulia.

"Mama Ismaili," akaita, "hapa hamna kabureta."

"Hamna vipi?"

"Hamna. Wamefungua nati nne, wakaweka kitambaa."

Kabureta iliyokuwepo siku Bakari alipougua, imekwenda! Nilitukana nikielekeza maneno barabarani, kwa kila mwizi wa Ziwani na waliomzaa. Ismaili alikuja jioni, akasikitika, akasema siku hizi vijana wanauza hata vifuniko vya visima. Nikamweleza Somoe. Akaniambia, "Ni Hiace, injini aina ya tuei, ya petroli. Waambie hivyo. Usikubali ya injini nyingine hata wakikuapia."

Nikaanza kutembea. Duka la kwanza lilikuwa la Irene, msichana wa Songea, mzuri wa sura na mgumu wa kichwa. Anauza spea mpya.

"Kabureta zinatofautiana, mama," akasema. "Mwenye gari aje mwenyewe tulinganishe."

"Mwenye gari hatoki."

"Anaumwa?"

"Yuko eda."

"Eda ni wapi? Mikindani kule?"

Toba! Nikamtazama nione kama ananitania. Hakuwa akitania, maskini. Nikamweleza, akaweka mkono kifuani, akaniruhusu niende nayo kwa dhamana ya kitambulisho changu. Ilikuwa mpya, inang'aa, imefungwa kwenye boksi lenye picha. Nilimpelekea Somoe juu ya sinia kama biriani. Eda inakataza manukato, lakini haijasema kitu kuhusu petroli.

Somoe akaikagua. Kwanza akainusa. Halafu akaingiza vidole viwili kwenye koo la kabureta, pale hewa inapopita, akapima. Akatafuta ule mkono unaofungwa kebo ya mafuta, akauchezesha.

"Mkono uko upande si wake," akasema. "Kebo yetu haifiki. Na koo ni pana, itatunywesha petroli yote kabla ya Nanyamba. Irudishe."

"Mpya hii, Somoe! Inang'aa!"

"Irudishe, wifi."

Nikarudisha. Jua la mwezi wa nne na mvua zake, mimi na boksi kichwani. Irene akaleta nyingine, nikaenda nayo, ikakataliwa kwa sababu matundu ya nati hayakulingana. Nilirudisha na ile. Mara ya tatu nilipoingia dukani, Irene akasema, "Shikamoo mama, karibu, tumekosea wapi leo?" Nikacheka. Lilikuwa cheko la mdomoni, halikushuka popote.

Irene ndiye aliyenielekeza kwa Josephu, mtu wa Njombe anayeuza vifaa vilivyotumika kule Chikongola, uwanja umejaa milango ya magari na injini zilizolazwa kwenye mchanga. Nikamwambia, Hiace, tuei, petroli. Akafikiri, akaingia kibandani, akatoka na kabureta imefungwa kwenye gazeti.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema. "Sina ya pili, na Mtwara nzima hutaipata ya pili. Magari haya yamekwisha."

Nikamwachia baiskeli yangu, ambayo siku hiyo nilikwenda nayo, tukakubaliana: ikifaa, baiskeli yake, ikikataliwa, narudisha nachukua baiskeli yangu.

Nilipomwekea Somoe lile gazeti alikuwa anasuka ukili. Akafungua. Ilikuwa kuukuu, nyeusi ya mafuta, haina sura ya kupendeza. Akaishika kwa mikono miwili. Hakuinusa, hakuingiza vidole. Akaigeuza mara moja, akapitisha kidole gumba ubavuni mwake, akabaki ameishika tu. Nikahesabu adhana nzima ya alasiri imepita, yeye kaishika.

"Ehe?" nikasema.

"Hii hapana."

"Hapana nini?"

"Shafti inacheza. Itavuta hewa. Silensa haitakaa, ule mngurumo wa gari likiwa limesimama, na litazima kila tukisimama."

Jamani, nilipandisha. Nilisema maneno ambayo kwa mfiwa hayasemwi. Nilimwambia miezi miwili nimetembea mpaka kandambili zimekatika, nimedharauliwa na wenye maduka, nimeweka rehani baiskeli yangu, na yeye amekaa hapa kama malkia anakataa tu, kama hataki gari aseme, akalale barazani kwa kaka zake kwa raha zake! Somoe akafunga kabureta kwenye gazeti, taratibu, akanisogezea.

"Pole kwa miguu," akasema.

Kesho yake nikaenda Chikongola nimevimba. Nikamtupia Josephu mzigo wake mezani. "Shafti inacheza. Nipe baiskeli yangu."

"Shafti ipi?" Josephu akaifungua, akashika kile kijiti kinachopita katikati ya koo, akakitikisa juu, chini, pembeni. "Mama, weka kidole hapa. Inacheza?"

Nikaweka kidole. Mimi si fundi, lakini kitu kinachocheza nakijua, nimeishi na meno ya mama yangu. Kijiti kile hakikusogea hata unywele.

"Mteja wako ana lake jambo," Josephu akasema. "Hii ilikuwa inatembea. Aliyeniletea aliapa imetoka kwenye gari zima."

"Nani alikuletea?"

"Kijana wa bodaboda. Pikipiki nyekundu. Jino la mbele limekatika nusu, hapa."

Jino hilo lilikatika mtu akiwa na miaka tisa, alipoanguka kutoka kwenye mkorosho wa babu yake. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, damu yake ikinitiririkia kifuani, nikilia njia nzima. Nilisimama pale kwa Josephu nikingoja kitu kinipate, nizirai, nipige kelele, chochote. Kuku walikuwa wanapita chini ya milango ya magari. Nikachukua kabureta nikamwambia baiskeli ni yake.

Nilipofika nyumbani nikafunga mlango, nikaiweka mapajani mwa Somoe.

"Uliijua," nikasema.

Akafikiri. Hata hapo akafikiri! "Skrubu ya silensa si yake," akasema. "Ya kwake ilipotea Kitaya, nikaweka ya mashine ya kupulizia. Niliikata mimi kwa msumeno. Ndiyo, niliijua."

"Na ukajua nani kaing'oa."

"Mwizi wa barabarani hawezi kujua kwamba inafikiwa chini ya kiti. Angefungua huku mbele kwanza, angevunja. Huyu alijua. Bakari alimfundisha mwenyewe."

"Sasa ulikataa kwa nini, wewe mwanamke? Nyumba yako hii!"

"Ningekuambia nini, wifi? Nimefiwa na mume, najua kulivyo. Wewe umefiwa na kaka. Umebaki na mtoto mmoja. Nikuondolee na huyo?" Akapangusa mafuta kwenye vidole kwa pindo la kanga. "Mkeka ninao. Barazani pana upepo."

Nikamwambia afunge mdomo wake, yeye ambaye kwa kawaida haufungui. Nikamwita Mustafa. Akafunga kabureta, Somoe akimwelekeza kutoka nyuma ya pazia la dirisha: geuza skrubu mpaka mwisho, rudisha mzunguko mmoja na nusu, sasa sikiliza, bado, punguza, hapo hapo, iache. Konokono likawaka. Liliunguruma ukutani kwetu, vikombe vikitetemeka kwenye kabati. Nilimtazama Somoe. Alikuwa ameweka kiganja ukutani. Uso wake haukubadilika, na wangu nadhani haukubadilika pia.

Ismaili sikumwambia kitu. Alikuja kula kama kawaida, nikampakulia kama kawaida. Kila siku nilimngoja aseme mwenyewe. Alisifu mchuzi wa kisamvu. Alisema, "Mama, nimesikia mmepata kabureta, alhamdulillahi." Nikamwongezea samaki. Wiki mbili na siku tatu nilimngoja.

Eda ikaisha siku ya Alhamisi. Somoe akaoga, akavaa gauni jipya, akatoka nje kwa mara ya kwanza, akafumba macho kwa jua. Wazee wamekaa kwenye mikeka, Mjomba Saidi katikati na fimbo yake. Somoe akapanda upande wa dereva, mahali ambapo hajawahi kukaa mbele za watu, akawasha. Likaitika mara moja. Silensa imetulia, hakuna kukohoa. Hata shehe alisema mashaallah.

"Basi," Mjomba Saidi akasema, "liende."

"Babu Saidi, samahani," Ismaili akasema, na akasimama. "Tulikubaliana litoke kwa miguu yake lenyewe. Kabureta ya marehemu iliibwa, wote tunajua. Hii iliyomo mama yangu katoa baiskeli yake kuipata. Sasa gari linatembea kwa miguu ya nani? Ya mama yangu. Mimi sina ubaya na mke wa mjomba. Lakini kabureta ni mali ya mama, na mama akitaka kitu chake anakitoa, na kikitoka, gari ni chuma. Nasema uongo?"

Wazee wakatazamana. Mjomba Saidi akakwaruza mchanga kwa fimbo. "Mtoto ana hoja," akasema. Yule wa kulia kwake akasema ana hoja. Yule wa kushoto naye.

Somoe akazima gari. Akashuka, akazunguka nyuma, nikamsikia anavuta mkeka wake kutoka chini ya kitanda.

"Sabra," Mjomba akaniita, "kabureta ni yako?"

Ismaili alinitazama akitabasamu kidogo, jino lile likaonekana. Alijua nitasema ndiyo. Maisha yake yote nimemsemea ndiyo. Kwa walimu, kwa polisi wa barabarani, kwa wazazi wa msichana mmoja wa Shangani.

"Si yangu," nikasema. "Ni ya Bakari. Ndiyo ileile. Mwulizeni Josephu wa Chikongola aliyeiuza, na mwulizeni huyu aliyempelekea. Ni mwanangu aliyeing'oa, baada ya kukaa na nyinyi hapa mkanywa chai ya arobaini."

Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama ya mtu anayetaja bei ya mihogo. Nilingoja aibu inishike. Haikunishika. Nilingoja moyo uniume. Haukuuma. Nilimwona Ismaili anafungua mdomo, anaufunga, kisha anasema neno moja tu, "Mama," kama alivyokuwa akiniita usiku akiwa mdogo akiogopa popo. Mjomba Saidi hakumtazama. Alimwambia Somoe aweke mkeka wake ndani ya gari. Ismaili akavaa kofia ya pikipiki, akaondoka, na sauti ya pikipiki ikasikika mpaka barabara kuu. Wazee wakavaa makubazi, mmoja mmoja, hakuna aliyeaga vizuri.

Nilikwenda kwenye dirisha la Konokono. Somoe alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Ungenyamaza, wifi," akasema.

"Ningenyamaza ungelala wapi?"

"Na wewe sasa utakuwa na nani?"

Mlango wa dereva haufungi mpaka usukumwe kwa nje, nikauegemea kwa bega mpaka ukashika, nikamwambia aende kabla jua halijawa kali.